Siku Tulipofunua Mtaro wa Narung'ombe

Nyie mliovaa vizibao vya reflekta juzi tu, bado vinanukia duka, haya ni yenu. Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi amenifuata nyumbani Buguruni akaniambia, "Bibi Somoe, waandikie hao wapya kazi ilivyokuwa." Nikamwambia mimi nimeishia darasa la nne, mwandiko wangu unatembea upande kama kaa. Akasema, "Andika hivyohivyo, Bibi, tutausoma." Haya. Atakayecheka aje anicheke usoni. Nimestaafu mimi, mkono wa ufagio haujastaafu.

Nilianza kufagia Kariakoo mwanangu wa mwisho ananyonya. Leo huyo mtoto ana ndevu na watoto wawili. Mtaa wangu ulikuwa Narung'ombe, kuanzia kwa wauza mitumba mpaka kwenye maduka ya vyombo.

Aliyenifundisha ni Mama Kileo, mwanamke wa Kilimanjaro, mrefu, mkali, hana masihara na uchafu. Siku ya kwanza alinipokonya ufagio akaugeuzageuza.

"Huu nani kakufungia?"

"Nimeununua hivyohivyo, mama."

"Umeibiwa. Kaa hapa."

Tukakaa ukingoni mwa barabara, akaufumua wote. Andikeni hili kichwani: chelewa, hizi njiti za mnazi, ziloweke kwanza ndipo uzifunge, la sivyo zinakatika wiki haijaisha. Funga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, maana kamba ya nailoni ikilowa inalegea. Usifagie kwa mgongo, fagia kwa nyonga. Tazama vumbi linakwenda wapi, wewe simama linakotoka. Na mtu akitupa ganda la chungwa mahali umeshafagia, usimtukane. Mwamkie. Mama Kileo alikuwa anafanya hivyo: "Shikamoo baba, umeangusha kitu chako." Nimeona kwa macho yangu mwanaume mwenye kitambi, na suti yake, anainama kuokota ganda lake, jasho la aibu linamtiririka.

Hayo ni mazuri aliyonifundisha. Sasa nisikilizeni baya.

Tulikuwa na toroli moja kwa mitaa minne. Supavaiza anapita saa moja asubuhi, akikuta rundo la taka mtaani kwako anakuandika kosa. Wewe una rundo, toroli iko Mtaa wa Sikukuu kwa mwenzako, na kizimba cha taka kiko mbali. Utalimeza? Mama Kileo akanionyesha. Mifuniko ya zege ya mtaro ina nafasi, na mingine imevunjika kona. Unausogeza uchafu mpaka pale, unautumbukiza, unapitisha ufagio juu, kweupe. Tuliita kumpa shangazi. "Hilo mpe shangazi." "Shangazi wako leo amekula?" Kwa sababu shangazi huyo unampa chochote, hashibi wala hasemi.

Mwanzo nilimpa vumbi na vipande vya karatasi. Baadaye nikampa vifuu vya nazi. Baadaye, uvivu ulipokolea, nikawa nampa kiroba kizima. Msinitazame hivyo. Kampuni iliyotuajiri ilinipa kanga na cheti cha mfagiaji bora, mara mbili, na vyeti vyote nilivitia fremu. Mtaani kwangu ungeweza kupakua wali chini ukala. Hakuna aliyeniuliza uchafu unakwenda wapi, na mimi sikujiuliza.

Sasa nije kwenye jua. Nyie mmelikuta hili mnadhani ndilo jua la Dar es Salaam. Hapana. Zamani zamu ya pili ya saa sita mchana tulifagia na kanga kichwani, tunapiga soga, tunatoka jasho la kawaida. Hili la miaka ya karibuni linakupiga kutoka juu, na lami inakupiga kutoka chini, unaiva katikati kama mkate. Mwezi wa pili, Mama Kileo amebakiza mwaka mmoja astaafu, tulikuwa tunafagia pamoja. Akaniambia, "Somoe, mtaa unazunguka." Nikacheka, nikadhani ni utani wake. Akakaa chini. Kisha akalala ubavu, taratibu, kama mtu anayejaribu godoro dukani. Nilimshika mkono, ulikuwa mkavu na wa moto kama pasi. Mtu hana hata tone la jasho! Wauza mitumba walimmwagia maji ndoo tatu kabla hajafumbua macho. Alipona, lakini barabarani hakurudi. Mpaka leo akikaa juani kichwa kinampasuka.

Mwezi uliofuata chama kikaita mkutano pale yadi, mahali tunapokabidhiana vifaa. Katibu ni huyuhuyu Neema mnayemjua, ila wakati ule alikuwa mgeni kwetu, binti mwembamba, mkoba umemzidi ukubwa. Akasimama.

"Ndugu zangu, chama kimeamua kuingia kwenye mapambano dhidi ya mabadiliko ya tabianchi."

Nikanyoosha mkono. "Dada katibu, glovu zimefika?"

"Bado, Bibi."

"Chama kimeshindwa kumfanya mtu wa stoo atoe glovu, leo kinakwenda kupigana na jua?"

Yadi nzima ilivunjika mbavu. Neema hakununa. Alisubiri tumalize, kisha akauliza, "Bibi Somoe, mwezi wa pili nani alianguka?"

Kicheko kikakatika.

"Mfanyakazi ameanguka kazini kwa sababu ya joto. Hilo ni la chama, au tuwaachie malaika?"

Akaeleza. Moshi wa magari, wa viwanda vya dunia nzima, ndio unaofanya joto lipande na mvua zije kwa fujo. Hilo nilishalisikia redioni. Lakini akaongeza kwamba hata taka za soko letu, zikirundikwa dampo zikazikana na kuoza bila hewa, zinatoa gesi inayoongeza joto.

"Taka gani?" nikamuuliza.

"Za chakula, Bibi. Maganda ya ndizi, kabichi, nyanya."

"Nyanya mbovu ya hapa Kariakoo ipande ikachome mbingu?"

"Pamoja na mengine, ndiyo."

Jamani! Nyanya! Nilishika mdomo. Kitu ninachokikanyaga kila siku na kandambili. Akasoma madai ya chama: miezi ya joto zamu ya mchana ihamie jioni, kila mtaa uwe na toroli yake, maji ya kunywa yawepo, na taka za chakula zitengwe zikawe mbolea kwa wakulima wa mchicha. Nilirudi nyumbani nikiwaambia wajukuu kwamba chama chetu kimepata wazimu.

Wazimu nilikuwa nao mimi. Subirini.

Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi, Zuhura, msichana mkimya mwenye mikono yenye nguvu. Nilikuwa nimepewa nimfundishe, na ulikuwa unaingia mwaka wa pili. Nilimfundisha yote ya Mama Kileo: chelewa, mpira wa baiskeli, nyonga, shikamoo baba. Na shangazi pia nilimfundisha. Alisitasita mwanzoni. "Bibi, hautajaa?" Nikamwambia, "Wewe umeukuta mtaro hapa, na mtaro utakuacha hapa. Mpe."

Ndipo mvua ikaja. Haikuwa masika wala vuli, ilijiingilia tu katikati ya miezi, bila hodi. Ilianza saa nne asubuhi, maduka yamefunguliwa, watu wamejaa. Ndani ya nusu saa nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Maji hayakuwa yanaingia mtaroni, yalikuwa yanatoka. Mifuniko ya zege inachezacheza kama vifuniko vya sufuria, na pembeni yanachuruzika maji meusi. Kisha yakaja na mali yetu: viroba, pampasi za watoto, vifuu, maganda, vyote nilivyompa shangazi tangu ujana wangu, anavirudisha mlangoni kwa watu. Marobota ya mitumba yanaelea. Mama mmoja muuza nguo za watoto alikuwa amesimama juu ya kiti, analia huku anashika vigauni viwili, vingine vyote vinapita mbele yake vikienda. Mimi nimesimama, maji magotini, ufagio mkononi. Ufagio wa nini?

Siku mbili baadaye video ikasambaa kwenye simu. Muuza duka mmoja alikuwa amemrekodi Zuhura wiki kadhaa nyuma akitumbukiza taka mtaroni. Uso wake unaonekana, jina la kampuni mgongoni linaonekana. Watu wameandika chini matusi ambayo siyaandiki, katibu atasoma.

Tukaitwa yadi. Supavaiza wetu, Fidelis, alikuwa na karatasi mkononi.

"Kampuni imesikitishwa," akasema. "Mafuriko haya yamesababishwa na tabianchi, kila mtu anajua. Lakini yupo mfanyakazi mmoja aliyechangia kwa uzembe. Zuhura, kuanzia leo huna kazi."

 Zuhura alianza kuvua reflekta, taratibu, anaikunja vizuri kama nguo ya sala. Mkunjo ule ndio ulionichoma.

Nikasimama. "Fidelis, huyu nimemfundisha mimi."

"Bibi, kaa chini. Umebakiza miezi mitatu, maliza kwa heshima zako."

"Heshima gani? Nimelisha ule mtaro kabla huyu hajaota meno. Na wewe ulipokuwa unafagia Mtaa wa Pemba, kabla hawajakupa viatu hivyo vya kuchongoka, taka zako zilikuwa zinaruka na ndege?"

Mlitarajia wenzangu wasimame wanipigie makofi? Walinikodolea macho kama nimewavua nguo. Mmoja nyuma akasema, "Bibi umetuuza!" Mwingine, "Sasa watatufukuza wote." Hata Neema alinivuta kanga akaninong'oneza, "Bibi, ungeniambia kwanza! Umewapa fimbo ya kutuchapia."  Nilijua nimeharibu.

Neema akavuta pumzi, akamgeukia Fidelis.

"Sawa. Tufunue mtaro."

"Nini?"

"Mmesema ni tabianchi na Zuhura. Tufunue mifuniko yote ya Narung'ombe, kampuni iwepo, chama kiwepo, wafanyabiashara wawepo. Tukikuta taka za mtu mmoja, Zuhura aende. Tukikuta za mitaa minne yenye toroli moja, tukae mezani."

Wafanyabiashara walikuwa wameshasikia, na walikuwa na hasira ya marobota yao. Fidelis hakuwa na pa kukimbilia.

Nataka mjue tulichokikuta, kwa sababu mimi bado nakiota. Mfuniko wa kwanza ulipoinuliwa kwa mitaimbo, hakukuwa na mtaro. Palikuwa na kitu kigumu, cheusi, kimejaa mpaka juu, kimeshindiliwa kama ugali uliogandia chunguni. Unakata kwa chepe, kinatoka kipande chenye matabaka. Tabaka la juu mifuko ya karatasi na viroba, kisha chupa, kisha zile plastiki laini za zamani, kabla hazijapigwa marufuku, nzima kabisa, na rangi zake! Nilitambua kiroba cha sembe cha aina ambayo siku hizi haiuzwi tena. Nilikitambua kwa fundo. Ni fundo langu mimi, nafunga mara mbili kwenda kushoto. Katika kufukua, Zuhura akagusa kitu akapiga yowe, mimi nikapiga kubwa zaidi: mkono wa mtu, vidole vitano, unatoka kwenye tope! Watu walikimbia mpaka kona. Kumbe mkono wa lile sanamu la dukani la kuvalishia nguo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Halafu tukaacha kucheka, tukatazama ule mtaro umbali wote uliobaki.

Na harufu ile. Neema alisimama pembeni yangu, leso puani. "Hiyo ndiyo gesi niliyokuwa nakuambia, Bibi. Fikiria dampo."

 Nilikuwa nawaza vyeti vyangu viwili ukutani. Nilipofika nyumbani nilivishusha.

Meza ilikaliwa. Sitawaelezea vikao, nilisinzia kwenye viwili. Zuhura hakufukuzwa. Kampuni ilitaka mimi na yeye tuzibue mtaro kama adhabu, chama kikasema hapana, mtaro utazibuliwa na mitaa yote minne kama kazi, kwa gambuti na glovu. Glovu zikaja kesho yake! Toroli zikaongezeka, moja kila mtaa. Miezi mitatu yangu ya mwisho niliimaliza ndani ya mtaro ule, natoa kwa koleo nilichotia kwa ufagio. Wenzangu walioninunia walianza kunisemesha tulipofika kwenye vipande vyao na kukuta mambo ni yaleyale. Taka za chakula tukawa tunazitenga kwenye mapipa yenye rangi ya kijani. Mama ntilie walitubishia mwezi mzima, mpaka wakaona nzi wamepungua.

Kazi hii ya kuzibua mnayo nyie sasa, kila wiki, kwa hiyo shikeni: mfuniko unauinua upande mmoja kwanza, unauacha upumue, unahesabu mpaka hamsini ndipo unainama. Usiingize uso mapema. Atakayejifanya shujaa atatapika kifungua kinywa chake.

Mmeshaona karatasi ya madai ya chama ina ukurasa mzima wa watu wa bondeni, kule Msimbazi, wakati sisi ni wafagiaji wa Kariakoo. Juzi mmoja wenu kaniuliza bondeni kunatuhusu nini. Kunatuhusu hivi.

Mvua kubwa iliyofuata ilinikuta nimebakiza siku tisa kazini. Tulijibanza kwenye baraza la duka la vyombo, roho mkononi. Maji yakaja kwa kasi, yakafika kwenye mitaro, yakaingia. Yakaenda! Yanavuma chini ya mifuniko kama treni, na barabara juu imebaki na tope la kupaka kidole. Wauza mitumba wakatoka milangoni wakatupigia makofi. Mmoja akaniita, "Bibi, njoo chagua suruali yoyote, leo bure." Nikamwambia, "Suruali niivae wapi mie, kwenye harusi yako?" Fidelis naye anatabasamu, anapiga picha kwa simu.

Nikageuka nimtafute Zuhura tucheke wote. Alikuwa ukingoni, mvua inampiga, anatazama pale maji yanapozama.

"Una nini wewe? Njoo huku, utaugua."

"Bibi, haya maji yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda zake. Yanashuka bondeni, Msimbazi."

"Jangwani," akasema.

"Ndiyo, Jangwani."

"Mimi nakaa Jangwani, Bibi. Mama na mwanangu wako ndani."

Nisikilizeni, wajukuu zangu. Muda wote ule namfundisha huyu binti namna ya kushika ufagio, nimekula naye chapati, nimemtetea yadi mbele za watu nikajiona nimefanya jambo, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza analala wapi. Mafuriko yaliyokuwa yanakwama Kariakoo kwenye taka zangu, sasa tumeyasafishia njia, yanamfikia mama yake kwa dakika chache. Na mto ulishajaa.

Fidelis akasema zamu haijaisha. Kwa wafagiaji ufagio haulazwi katikati ya barabara mpaka zamu iishe, ukiulaza umekataa kazi. Niliulaza. Nikasikia nyuma yangu wa pili, wa tatu, sikugeuka kuhesabu. Tuliondoka na toroli zote nne, tukikimbia, mimi nikihema kama mbuzi, Neema tumempigia simu anakuja kwa bodaboda. Tulipofika bondeni maji yalikuwa kiunoni na yanapanda. Fidelis, ambaye alitufuata akifoka njia nzima kwamba atatuandika, aliingia na viatu vyake vya kuchongoka akatoka na mtoto wa Zuhura mabegani, akarudi tena ndani kuchukua wa jirani.

Mama yake Zuhura alikuwa juu ya meza, miguu yake haina nguvu. Tulimbeba wanne tukamweka kwenye toroli, tukaanza kumpandisha kuelekea barabarani. Alikuwa anatetemeka, ameshika ukingo kwa mikono miwili, anatutazama mmoja mmoja, wanawake wazima tumelowa, tumevaa reflekta.

"Mungu awalipe," akaniambia. "Nyie ni akina nani, mwenzangu?"

Zuhura alinitazama. Nilitaka kusema ni chama.

"Sisi ndio tuliokuletea haya maji," nikamwambia. "Shika vizuri."